Mirikati porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabia zao na maisha ya kundi

Mirikati watu wengi wanamjua kwa picha moja tu, ile kasimama wima kwa miguu miwili anaangalia mbali, na ukishaiona unasema hawa wanyama wana upendo sana. Afu siku moja unasikia kwamba majike wao wanaua watoto wa wenzao, unachanganyikiwa. Nimefuatilia habari za wanyama hawa miaka mingi na nawapenda kwelikweli, na ninachotaka watu wajue ni kwamba ule upendo na ule ukatili vinatoka shimo moja, ukitenganisha hivyo viwili hutawaelewa kamwe. Haya sasa, maswali.

Mirikati ni aina ya paka?

Hapana, ni nguchiro. Jina ndo linachanganya manake limepitia kwa Waholanzi na kwao "kat" ni paka, lakini hana undugu wa karibu na paka. Kisayansi ni Suricata suricatta. Ni mdogo kuliko watu wanavyofikiria, kwa kawaida hafiki hata kilo moja, mwili ni sentimita 25 mpaka 35 hivi ukiacha mkia.

Wanapatikana wapi?

Kusini mwa Afrika peke yake. Botswana, Namibia, Afrika Kusini na kipande kidogo cha kusini magharibi mwa Angola, kwenye nchi kavu zilizo wazi kama Kalahari. Afrika Mashariki hayupo porini, ukiona kanyama kanafanana naye huko basi ni nguchiro wa aina nyingine.

Haya mambo yote yamejulikanaje, si wanaishi mashimoni?

Swali zuri na naliweka mapema kwa sababu mengi ya chini yanatoka hapo. Mwaka 1993 Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianzisha mradi wa utafiti kwenye hifadhi ya mto Kuruman, Afrika Kusini, upande wa Kalahari, na mradi umeendelea miaka na miaka. Watafiti waliwazoesha mirikati wa porini mpaka mtu anatembea katikati yao na wao wanaendelea kuchimba kama hayupo. Kila mnyama ana alama ya rangi kwenye manyoya ili ajulikane ni nani, na kumpima uzito wanamvuta juu ya mzani kwa vipande vidogo vya yai la kuchemsha, anapanda mwenyewe. Kwa hiyo mtu anajua fulani kazaliwa lini, mama yake nani, leo kaamka na gramu ngapi na jioni karudi na ngapi. Ni wachache sana wanyama wa porini ambao tunawajua kwa undani hivyo, na ndo maana mtu akisema "mirikati huwa anafanya hivi" mara nyingi kuna vizazi vingi nyuma ya hiyo sentensi.

Mbona asubuhi wanasimama wima wameangalia jua?

Wanaota jua. Usiku Kalahari inakuwa baridi sana na joto la mwili wao linashuka, kwa hiyo wakitoka shimoni kitu cha kwanza ni kuligeuzia jua tumbo, ambalo lina manyoya machache na ngozi nyeusi inayoshika joto haraka. Wakishapata moto ndo safari ya kutafuta chakula inaanza. Kusimama wima baadaye mchana ni jambo lingine, hapo wanaangalia hatari.

Kundi moja lina mirikati wangapi?

Inategemea, unaweza kukuta wawili watatu au ukakuta karibu hamsini, lakini mara nyingi ni kama 15 au 20 hivi. Kuna jike mmoja mkuu, dume mmoja mkuu, na waliobaki wengi ni watoto wao wa miaka tofauti ambao wanaitwa wasaidizi. Wote wanalala shimo moja wamelaliana kama rundo la nguo. Eneo lao lina mashimo mengi sana, ya kulala na ya kukimbilia, na wanayajua yote. Saa nyingine shimo moja wanaishi pamoja na kindi wa ardhini na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Ni kweli jike ndo mtawala?

Ndiyo, tena sana. Mimi namwita bi mkubwa. Yeye na dume mkuu ndo wenye haki ya kuzaa, na watoto wengi mno wanaozaliwa kwenye kundi ni wake, kwenye takwimu za Kalahari inafika karibu asilimia 80. Anaweza kuzaa mara mbili tatu au zaidi kwa mwaka mvua ikiwa nzuri, mimba ni siku kama 70 tu na uzao mmoja kwa kawaida ni watoto watatu au wanne.

Utawala wake unakuja na mwili. Jike akishashika nafasi ya juu anaanza kunenepa na hata kurefuka, mtu mzima lakini anakua tena. Vipimo vya homoni vimeonyesha kwamba majike wakuu wana kiwango kikubwa sana cha homoni ambazo tumezoea kuziita za kiume, kikubwa kuliko cha madume wenyewe, na hapo ndo unaelewa ule ukali. Anasukuma, anang'ata, anawawekea wengine harufu yake, na wadogo wakimwona anakuja wanainama kabisa chini.

Na wadogo nao hawajalala. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2016, walichukua ndugu wawili wa jinsia moja, yule mwepesi wakawa wanamuongezea yai kila siku kwa miezi mitatu, sasa yule mwenzake ambaye hakupewa kitu alipoona yule mwepesi ananenepa naye akaanza kula zaidi na kuongeza uzito ili asipitwe. Yaani wanapimana kila siku, kwa sababu foleni ya kurithi kiti inaenda kwa umri na uzito.

Jike mdogo akipata mimba inakuwaje?

Hapa ndo pagumu na watu wengi hawapendi kupasikia.

Bi mkubwa akiwa na mimba, hasa ikishakuwa kubwa, anaanza kuwaandama majike wengine, kwanza wale wakubwa na wale ambao nao wana mimba. Anawafukuza mpaka nje ya kundi. Aliyefukuzwa anazungukazunguka pembeni peke yake au na dada yake aliyefukuzwa naye, hana mlinzi, anakula vibaya, homoni za msongo zinapanda, na mara nyingi kama alikuwa na mimba inaharibika. Akikaa nje wiki kadhaa, bi mkubwa akishazaa, anaruhusiwa kurudi.

Kama hakufukuzwa na akafanikiwa kuzaa, watoto wake mara nyingi wanauawa siku hiyo hiyo au muda mfupi baadaye, na muuaji kwa kawaida ni bi mkubwa mwenye mimba, ambaye kwa damu ni bibi yao au mama yao mkubwa. Ila msimwone yeye peke yake ndo mbaya, jike mdogo mwenye mimba naye akipata nafasi anaua watoto wa bi mkubwa. Ndo sababu bi mkubwa anawatoa kabla hajajifungua, anajua akiwaacha ndani nini kinaweza kutokea.

Na sasa sikia hii. Yule aliyefukuzwa, aliyepoteza mimba au watoto, akirudi kundini mara nyingi maziwa yapo, na anawanyonyesha watoto wa bi mkubwa. Nilivyosoma hii mara ya kwanza nilikaa kimya muda. Kwa sisi inaonekana ni dhuluma tupu, na mimi siwezi kusema siumii nikifikiria, lakini kwa mnyama ambaye njia nyingine ni kubaki nje peke yake na tai na bweha, kurudi na kunyonyesha ndo kuishi.

Kwa nini basi hao wasaidizi wanakubali kufanya kazi?

Kwanza watoto wanaolelewa ni ndugu zao mara nyingi, kwa hiyo damu yao inaendelea hata kama hawajazaa wenyewe. Lakini cha kushangaza, ukiangalia ndani ya kundi, anayefanya kazi zaidi siyo lazima awe ndugu wa karibu zaidi. Kinachoamua ni umri, jinsia na nani kashiba. Aliyeshiba anasaidia zaidi, na majike wanasaidia zaidi kuliko madume. Pili kundi kubwa ni usalama wa kila mtu, macho mengi, midomo mingi ya kupiga kelele, na siku ya vita na majirani wingi ni kila kitu. Mtoto wa bi mkubwa unayemlisha leo ndo mlinzi wako mwakani.

Yaya ni nani na anafanya nini?

Watoto wanazaliwa vipofu na hawatoki shimoni mpaka wafike kama wiki tatu. Muda wote huo kundi likienda kula lazima mmoja au wawili wabaki, na anabaki kweli, siku nzima hali kitu. Kwenye masaa 24 ya kulinda anapoteza zaidi ya asilimia moja ya uzito wake wakati wenzake wameenda kuongeza, na kesho yake saa nyingine ni yeye tena. Kwa mnyama wa gramu mia sita saba hiyo ni sadaka kubwa. Akija nyoka au mirikati wa kundi jirani ni yeye wa kwanza kupambana au kuwahamisha watoto kwa mdomo kwenda shimo lingine.

Wanakula nini?

Wadudu kwa wingi, mabuu ya mbawakawa, nge, jongoo, mijusi, saa nyingine nyoka wadogo na mayai. Wanachimba kwa kucha ndefu na masikio yanajifunga mchanga usiingie. Maji hawahitaji kunywa, wanapata ndani ya chakula.

Ni kweli wanawafundisha watoto kula nge?

Ni kweli, na hii ndo sehemu yangu niipendayo kuliko zote kwa hiyo nivumilieni.

Kufundisha kwa wanyama ni kitu kigumu sana kuthibitisha, wengi wanajifunza kwa kuangalia tu bila mkubwa kuwa na habari nao. Mwaka 2006 watafiti Alex Thornton na Katherine McAuliffe walionyesha kwamba kwa mirikati mkubwa anabadilisha kabisa anachofanya kwa ajili ya mtoto. Iko hivi, watoto wakishafika kama mwezi mmoja wanaanza kufuata kundi huku wanalia wakiomba chakula. Wale wadogo kabisa wanaletewa nge ambaye keshakufa. Wakikua kidogo wanaletewa nge mzima lakini aliyeng'atwa mwiba ukatolewa, anatembea ila hawezi kuchoma. Mwishoni wanaletewa nge mzima na silaha zake zote. Na mkubwa haondoki, anakaa anaangalia, nge akikimbia anamrudisha, mtoto akiogopa anamsukumia tena kwa pua.

Wakubwa wanajuaje mtoto kafika darasa gani? Kwa sauti. Mlio wa kuomba wa mtoto unabadilika kadri anavyokua. Watafiti walicheza rekodi ya sauti za watoto wakubwa mahali penye watoto wadogo, na wasaidizi wakaanza kuleta nge walio hai kwa vitoto ambavyo havijui kitu, kwa sababu walisikia sauti ya mtoto mkubwa. Kwa hiyo msaidizi hapigi hesabu ya "huyu bado hajaelewa somo", anafuata mlio, lakini matokeo ni yale yale, mtoto anajifunza kushika chakula kinachoweza kumuua bila kufa. Mpaka wakifika miezi mitatu wengi wanajitegemea.

Sumu ya nge haiwadhuru?

Wana ustahimilivu fulani, lakini wanachotegemea ni kasi, mkubwa akimdaka nge anang'ata mwiba na kuutoa haraka sana.

Mlinzi anayekaa juu ya kichuguu anajitoa mhanga?

Wengi waliamini hivyo zamani na ni hadithi nzuri lakini siyo ilivyo. Anayepanda kulinda ni yule aliyeshiba. Watafiti wakimlisha mirikati yai analinda zaidi, asiposhiba anaendelea kuchimba. Na mlinzi hauliwi zaidi ya wengine, kwanza yeye ndo anaona hatari mapema na mara nyingi anakuwa karibu na shimo la kukimbilia. Hakuna zamu iliyopangwa wala mkuu anayegawa lindo, mtu akishiba na akaona hakuna aliye juu anapanda. Akiwa huko anatoa kamlio kadogo ka mfululizo, na wanaochimba wakikasikia wanaacha kuinua vichwa kila dakika, wanakula kwa amani. Mimi naona hii ni nzuri kuliko ile hadithi ya shujaa, kwa sababu hakuna anayepoteza na kundi zima linalindwa.

Wana lugha?

Wana milio mingi yenye maana tofauti. Mtafiti Marta Manser amefanya kazi kubwa sana hapa, alionyesha kwamba mlio wa hatari ya angani ni tofauti na wa hatari ya ardhini, na nyoka ana wake, na juu ya hapo mlio huo huo unabadilika kulingana na haraka iliyopo, tai akiwa mbali sauti ni tulivu, akiwa juu ya kichwa ni ya kukwaruza na kila mmoja anatafuta shimo. Wakati wa kula wanatoa kamlio ka chini muda wote ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi.

Kuna pia mlio wa "twendeni". Mmoja akiutoa peke yake hakuna anayejali sana, wakifika angalau watatu kundi zima linaongeza mwendo na kuhama sehemu. Hapo hata bi mkubwa hana kura zaidi.

Nimesikia kuna ndege anawadanganya, ni kweli?

Ndiyo, anaitwa drongo, mweusi mwenye mkia uliogawanyika. Anawafuata mirikati wakichimba, na saa nyingi anatoa mlio wa hatari wa kweli tai akija na wao wanakimbia, wanamwamini. Sasa akimwona mmoja kapata mdudu mnono anapiga mlio wa uongo, mirikati anatupa chakula anakimbilia shimoni, ndege anashuka anachukua. Wakianza kumzoea anabadilisha, anaiga milio ya hatari ya ndege wengine na hata ya mirikati wenyewe. Kwa nini hawamdharau moja kwa moja? Kwa sababu siku moja atakuwa anasema kweli.

Wakikutana na nyoka wanakimbia?

Hawakimbii. Mmoja anaita, wote wanakuja, wanainua mikia, manyoya yanasimama, wanamsogelea fira au kifutu kwa pamoja huku wanarukaruka na kutema sauti mpaka aondoke. Wadogo nao wapo pale pale wanajifunza. Ni hatari na kuna wanaong'atwa wakafa.

Na makundi mawili yakikutana?

Mara nyingi wanaonyeshana kwanza, mikia juu, wanaruka kama wanacheza ngoma kuelekea upande wa pili, na kundi dogo likiona limezidiwa linakimbia. Lenye watoto linakuwa na ukali zaidi na lina nafasi nzuri ya kushinda. Lakini ikiwa vita ni vita kweli, mirikati wakubwa wanakufa na watoto waliobaki shimoni wakikutwa wanauawa. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania wakiongozwa na José María Gómez walilinganisha zaidi ya spishi 1,000 za mamalia kuona ni asilimia ngapi wanauawa na wenzao wa aina yao, na mirikati ndo aliyekuwa juu kabisa, karibu asilimia 19. Juu ya simba, juu ya mbwa mwitu. Wengi wa hao ni watoto wadogo, na ukisoma tena jibu la jike mdogo hapo juu utaelewa kwa nini.

Madume wanaishia wapi?

Dume hawezi kuzaa na mama yake wala dada zake, kwa hiyo anaanza kutoka siku moja mbili kwenda kuzungukia makundi ya jirani kutafuta jike, anarudi, anatoka tena, mpaka siku moja yeye na kaka zake wanaondoka moja kwa moja. Wakibahatika wanaunda kundi jipya na majike waliofukuzwa kwingine, au wanavamia kundi na kumwondoa dume mkuu. Wengi wanafia njiani.

Bi mkubwa akifa nini kinatokea?

Binti zake wanapigana. Kwa kawaida mkubwa na mzito ndo anashinda, ndani ya siku chache tu anakuwa mtu mwingine kabisa na wale dada zake aliokuwa analala nao jana anaanza kuwaandama. Kundi saa nyingine linagawanyika hapo.

Wanaishi miaka mingapi, na kinachowaua zaidi ni nini?

Wachache wanapita miaka 10 lakini wengi hawafiki nusu yake. Viongozi wanaishi zaidi ya wasaidizi japo wanazaa na kugombana kila siku, na sababu ni kwamba wao hawaondoki kundini, msaidizi anayetoka kwenda peke yake ndo anayekutana na kifo. Wapo tai wakubwa, bweha, nyoka, na kuna kifua kikuu cha kwao wenyewe ambacho kikiingia kwenye kundi kinaweza kulimaliza lote. Ukame unawapiga sana kwa sababu mvua ikikosekana wadudu hawapo, na siku za joto kali watoto hawaongezi uzito vizuri. Kimataifa hawako kwenye orodha ya wanyama wanaokaribia kutoweka, ila Kalahari inazidi kuwa na joto na mimi hilo linanitia wasiwasi kuliko tai.

Naweza kumfuga mmoja nyumbani?

Tafadhali usifanye hivyo. Ukisoma yote hapo juu utaona ni mara chache mirikati anakaa peke yake kwa hiari, anakula akisikia sauti ya mwenzake, analala juu ya mwenzake, anachimba masaa kibao kwa siku. Ukimweka mmoja ndani ya nyumba utamsikia anatoa kale kamlio ka chini ka kuuliza wenzake wako wapi, na hakuna wa kumjibu.